Namna ya Kuchagua na Kufunga Vizuia Tope vya Pikapu ili Kuilinda Rangi

Kila mvua za masika zinapokaribia, wamiliki wapya wa pikapu huuliza maswali yaleyale. Wanataka kujua kama mpira ni bora kuliko plastiki, kama ni lazima kutoboa bodi, kama vizuia tope vya Hilux ya zamani vinaingia kwenye Hilux mpya, na kwa nini rangi ya mlango wa nyuma inaendelea kudonolewa na kokoto hata baada ya kufunga seti nzima. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, na umekusudiwa mtu mwenye pikapu ya kawaida ya tani moja, kama vile Toyota Hilux, Ford Ranger, Isuzu D-Max au Mitsubishi L200, anayepita kwenye lami, moramu na tope ndani ya juma moja. Ukienda dukani ulizia madiflapu, kwa kuwa ndilo jina ambalo wauzaji wengi wa vipuri wanalifahamu.

Kizuia tope huchaguliwa kwa kulitazama tairi na mahali ambapo rangi inaumia. Anayenunua kwanza na kupima baadaye hupata kitu kizuri cha kutazama ambacho hakizuii chochote, au kinachoikwangua rangi ile ile aliyotaka kuilinda. Kwa sababu hiyo, nusu ya hatua zilizo hapa chini hufanyika kabla hujatoa fedha, na ninakusihi usiziruke.

Nadharia unayohitaji ni ndogo. Kokoto iliyonaswa kwenye meno ya tairi huachiwa wakati tairi linazunguka na kuruka nyuma kwa mstari ulionyooka. Matairi ya mbele ndiyo adui wakubwa wa rangi yako, kwa maana hupiga kizingiti cha mlango, sehemu ya chini ya milango, na ukingo wa mbele wa upinde wa tairi la nyuma. Matairi ya nyuma huumiza bampa, pembe za chini za bodi ya mizigo, tela kama unavuta, na kioo cha anayekufuata. Watu wengi hununua vya nyuma peke yake kwa sababu ndivyo walivyozoea kuviona kwenye malori. Kama fedha yako inatosha jozi moja tu na shida yako ni rangi, anza na jozi ya mbele.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Tayarisha futi ya kupimia, uzi mgumu wenye urefu wa mita tatu hivi, chaki, tepu ya karatasi na kipande cha katoni ngumu. Kwa ufungaji utahitaji bisibisi, spana namba 8 na 10, bolti za milimita 6 za chuma kisichoshika kutu, washa pana za chuma na za plastiki, na nati zenye mduara wa plastiki ndani ili zisilegezwe na mtikisiko. Kwa upande wa rangi, uwe na spiriti ya kusafishia, msasa laini, praima ya kuzuia kutu, rangi kidogo ya gari lako pamoja na brashi nyembamba, na filamu angavu ya kulinda rangi, ile inayobandikwa kama stika. Drili yenye biti ya milimita 6.5 itahitajika ikiwa tu gari lako halina matundu ya kiwandani. Jeki na stendi zitahitajika endapo mkono hauingii kati ya tairi na fenda. Usiingize mkono wala kichwa kwenye upinde wa tairi la gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Hatua za kazi

1. Osha gari na usome majeraha yake.

Osha pikapu kwa sabuni na maji mengi, hasa nyuma ya matairi, kisha subiri ikauke. Chuchumaa kando ya gari asubuhi au alasiri, jua linapopiga bodi kwa ubavu, kwa sababu saa sita mchana vidonda vidogo havionekani. Weka alama ya chaki penye kila mahali palipodonoka. Tofautisha aina mbili za madhara: vidoti vyenye umbo la nyota au duara, ambavyo ni vya kokoto, na eneo lililofifia kana kwamba limepigwa msasa, ambalo ni la mchanga na tope linalorushwa kwa muda mrefu. Vidoti vinadai kizuizi kinachomeza pigo. Eneo lililofifia linadai kizuizi kipana.

2. Fanya jaribio la tope.

Gari likiwa safi, liendeshe kwa mwendo wa kawaida kwenye barabara yenye unyevunyevu, kilomita chache zinatosha, kisha simama mahali tambarare. Usiendeshe kwenye madimbwi, kwa kuwa maji mengi yatachafua kila kitu na hutajifunza lolote. Tazama mchirizi wa tope ulivyochorwa ubavuni. Kwa kawaida utaona umbo la feni linaloanzia nyuma ya tairi la mbele, likipanda kadiri linavyoelekea mlango wa nyuma. Bandika tepu ya karatasi kwenye mpaka wa juu wa mchirizi huo na uupige picha, maana ndiyo ramani ya kazi yako. Ikiwa tope limefika karibu na vitasa vya milango, basi matairi yako yanatokeza nje ya fenda, ama kwa sababu ni mapana kuliko ya kiwandani, ama kwa sababu rimu zimebadilishwa au zimewekewa spesa, yaani bapa za kuzisogeza nje. Katika hali hiyo kizuia tope cha kiwandani hakitatosha, hata kiwe kipya namna gani.

3. Pima tairi, na upime gari likiwa na mzigo wako wa kawaida.

Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi. Tairi la 265/65R17, ambalo ni la kawaida kwenye pikapu nyingi za kisasa, lina upana wa milimita 265 na kipenyo cha sentimita 78 hivi. Weka bapa la ubao wima likigusa ukingo wa nje wa fenda, kisha upime tairi limeingia ndani au limetokeza nje kwa kiasi gani. Kizuia tope kinachofaa hufunika upana wote wa sehemu ya tairi inayokanyaga ardhi, na kuongeza walau sentimita 2 upande wa nje, kwa sababu kokoto haziruki nyuma tu bali hutawanyika pia kwa pembeni. Ukizidisha zaidi ya sentimita 5 nje ya fenda, utakwama kwenye vichaka na magugu ya njia nyembamba za mashambani.

Pima pia kimo kutoka ardhini. Pikapu tupu na pikapu iliyopakia magunia si gari moja: nyuma hushuka sentimita kadhaa, na kizuia tope kilichoonekana kuwa juu salama kinaanza kuburuzwa. Pakia mzigo unaoubeba siku nyingi, au wakalishe watu wazima wanne kwenye bodi ya mizigo wakati wa kupima.

4. Tumia uzi kuamua urefu.

Kipimo hiki ni rahisi, nacho huokoa fedha. Funga uzi kwenye kijiti kilicholala chini pale tairi linapogusa ardhi, kisha uvute kuelekea nyuma na juu, upite kwenye usawa ambapo ukingo wa chini wa kizuia tope utakuwapo, hadi uguse bodi. Kokoto zinazopita chini ya uzi ndizo zitakazoponyoka. Chukua mfano wa tairi lililotajwa hapo juu. Kizuia tope kilichofungwa sentimita 6 nyuma ya tairi kitakuwa sentimita 45 nyuma ya sehemu inayogusa ardhi. Tuseme kizingiti cha mlango kiko sentimita 45 juu ya ardhi. Ukingo wa kizuia tope ukiwa sentimita 20 kutoka ardhini, uzi utagusa usawa wa kizingiti karibu mita 1 nyuma ya mguso wa tairi, na bodi yote iliyo nyuma ya hapo bado inaweza kupigwa na kokoto za chini. Ukiushusha hadi sentimita 15, uzi utagusa kwenye mita 1.35. Ukifika sentimita 10, utagusa mita 2, yaani utakuwa umelinda kizingiti karibu chote.

Hapa ndipo penye jibu la swali la mlango wa nyuma: kizuia tope kifupi hulinda vizuri sehemu iliyo karibu nacho, na huacha wazi sehemu iliyo mbali. Hata hivyo, usikimbilie sentimita 10. Kwa anayepita lami na moramu iliyochongwa, sentimita 15 hadi 18 ni kimo kizuri. Kwa anayeingia kwenye makorongo, mawe na matuta ya ovyo, sentimita 20 hadi 25 ndizo zitakazodumu, na eneo litakalobaki wazi lizibwe kwa filamu angavu kwenye kizingiti na kwenye ukingo wa upinde wa nyuma. Mimi hupendelea mchanganyiko huo kuliko kizuia tope kirefu kinachong'olewa mara ya kwanza unaporudi nyuma.

5. Chagua malighafi kulingana na barabara yako.

Plastiki ngumu iliyoumbwa hufuata umbo la fenda, hupendeza, na huwa nyepesi. Inamfaa mtu anayekaa zaidi kwenye lami. Udhaifu wake ni kwamba haipindi: ikigonga ukingo wa barabara au jiwe, hupasuka yenyewe au huhamishia pigo kwenye skrubu na kuipinda fenda.

Mpira ndio chaguo langu kwa pikapu ya kazi. Hupinda na kurudi, humeza pigo la kokoto, na ukichanika hukatwa mwingine kwa bei nafuu. Unene ndio wa kuangalia kwanza. Mpira wa milimita 3 hupepea na kuinuka gari likifika mwendo wa barabara kuu, na hapo unakuwa haupo kazini. Milimita 5 au 6 hutulia. Mpira mnene ni mzito, kwa hiyo unataka kushikwa kwa bolti tatu au zaidi pamoja na bapa la chuma linalosambaza uzito. Fundi akikupa kipande kilichokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu lenye nyuzi za chuma, kikatae. Nyuzi hizo hutokeza pembeni, hushika kutu, na hukwangua rangi kila gari linapotikisika.

Poliyurithani, ambayo hutumika sana kwenye magari ya mashindano ya rali, ni laini, ngumu kuchanika, na hubaki na mnyumbuko wake kwa miaka. Ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini wanaoijua barabara ya changarawe kati ya Ngorongoro na lango la Naabi la kuingilia Serengeti wataelewa kwa nini mtu anaweza kuitafuta.

Plastiki laini ya bei ya chini ndiyo ya kuogopa. Inapokuwa mpya hupinda kama mpira, na baada ya misimu michache ya jua hukakamaa na kuvunjika. Ijaribu ukiwa bado dukani: kunja pembe ya kizuia tope hadi ikutane na uso wake, ishikilie kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha uiachie. Pakitokea mstari mweupe kwenye kunjo, au pembe ikichelewa kurudi, rudisha kwenye rafu. Mpira mzuri hurudi mara moja na hauachi alama.

Mwenye shamba kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa mbuga za Shinyanga, afikirie jambo moja zaidi. Tope hilo haliruki tu, bali hushikana na kujaa kati ya tairi na fenda hadi tairi lianze kulisukuma. Kizuia tope kilicho karibu mno na tairi hung'olewa na uzito wa tope lenyewe. Achia nafasi ya sentimita 6 au zaidi hata usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, na uchague mpira unaoweza kuachia badala ya plastiki iliyoumbwa.

6. Amua kati ya vilivyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako na vile vya jumla.

Vya modeli hukaa kwenye matundu ya kiwandani na havihitaji drili, ilimradi viwe vya modeli yako kweli. Jina la gari halitoshi. Hilux iliyouzwa hadi mwaka 2015, ambayo wengi huiita Vigo, ina fenda tofauti na ile iliyoifuata, iitwayo Revo, na vizuia tope vyake haviingiliani. Ndani ya kizazi kimoja pia kuna pikapu zenye fenda nyembamba na zenye fenda pana au zilizoongezewa plastiki ya pembeni. Nenda dukani na picha ya upinde wa tairi la gari lako, mwaka wa kutengenezwa, na maelezo kama ni ya milango miwili au minne, ya kuendeshwa kwa magurudumu mawili au manne. Ukiwa na ngazi za pembeni, zipige picha nazo, kwa kuwa mara nyingi ndizo zinazogombana na kizuia tope cha mbele.

Vya jumla ni bapa la mpira ambalo wewe au fundi mtalikata. Vina kazi zaidi, lakini vinakupa upana na urefu uliopima, na kwa gari lenye matairi mapana kuliko ya kiwandani mara nyingi ndivyo pekee vinavyofaa. Usiogope kuvichagua eti kwa sababu havina nembo ya gari.

7. Tibu rangi kabla ya kufunika.

Kufunga kizuia tope juu ya kidonda chenye kutu ni kuificha kutu isionekane huku ikiendelea kula bati. Safisha vidoti kwa spiriti, piga msasa laini ndani ya kidonda peke yake, paka praima pale bati linapoonekana, na ikikauka paka rangi kwa tabaka nyembamba mbili au tatu. Namba ya rangi ya gari lako imeandikwa kwenye kibati cha utambulisho. Kwa Toyota tafuta herufi C/TR, na namba ya kwanza inayofuata ndiyo ya rangi, kwa mfano 040 kwa nyeupe inayoonekana kwenye pikapu nyingi za kazi. Mchanganya rangi akitumia namba hiyo hatakisia.

Baada ya rangi kukauka kabisa, bandika filamu angavu kila mahali ambapo kizuia tope, bapa lake au washa itagusa rangi, na iache ipite ukingo kwa sentimita 1. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Vumbi laini huingia kati ya kizuia tope na fenda, na kila mtikisiko wa gari huligeuza kuwa msasa. Nimeona pikapu ambazo milango yake ilikuwa mizima, lakini ukingo wa fenda, chini ya kizuia tope, ulikuwa umebaki bati tupu.

8. Jaribu kwa katoni.

Kata katoni kwa vipimo vyako, ishikize kwa tepu mahali pake, kisha mwombe mtu akate usukani polepole hadi mwisho, kulia na kushoto. Tairi lisikaribie katoni kwa chini ya sentimita 3. Nyuma, hakikisha katoni haiko karibu na bomba la moshi, kwani mpira hulainika na plastiki huyeyuka kwa joto lake. Rekebisha katoni hadi iridhishe, na ndipo ukate mpira kwa kuifuatisha. Pembe za chini zikate ziwe mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kuchanika.

9. Funga.

Fungua skrubu za kiwandani zilizo kwenye ukingo wa chini wa plastiki ya ndani ya fenda, na utumie matundu yaleyale kwa bolti ndefu kidogo. Panga hivi kutoka nje: kichwa cha bolti, washa pana ya chuma, kizuia tope, washa ya plastiki, filamu, bodi, kisha nati kwa ndani. Anza bolti zote kwa mkono kabla ya kukaza yoyote. Kaza hadi mpira ubanwe bila kubonyea, kwani mpira uliobonyea huchanika kuzunguka tundu.

Kama ni lazima utoboe, simama kwanza na uangalie kilicho nyuma ya bati. Kwenye upinde wa tairi hupita waya wa kihisi cha breki za ABS (zile zinazozuia tairi kujifunga) na mpira wa breki, na upande mmoja wa nyuma hupita bomba la kujazia mafuta. Usitoboe usichokiona nyuma yake. Zungushia biti tepu ili isipite ndani zaidi ya kiasi unachotaka, na toboa kwa mwendo wa polepole. Laini ukingo wa tundu, ondoa vumbi lote la chuma kwa brashi na kitambaa chenye unyevu, kwa maana chembe zilizobaki zitashika kutu na kuacha madoa ya kahawia kwenye rangi. Paka praima ndani ya tundu na kuzunguka, kisha rangi, na usubiri ikauke kabla ya kupitisha bolti. Wakazi wa pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, wasiache hatua hii hata kidogo, kwa kuwa hewa ya chumvi huipata bati tupu haraka. Mwenye gari jipya asome kitabu cha dhamana kabla ya kugusa drili, kwa sababu tundu lililotobolewa nje ya kiwanda linaweza kuondoa dhamana ya kutu.

Onyo moja linastahili kukaa peke yake: usizungushie kizuia tope silikoni pande zote ukidhani unazuia maji. Chini ya fenda na kwenye kizingiti kuna matundu madogo ya kutolea maji, na ukiyaziba, maji yatabaki ndani na kizingiti kitaoza kuanzia upande usioonekana. Yatafute kwa kidole kabla ya kufunga na uyaache wazi.

10. Rudia jaribio la tope.

Endesha kwenye barabara ile ile, kwa mwendo ule ule, kisha linganisha mchirizi mpya na picha ya kwanza. Mstari ukiwa umeshuka chini ya milango, kazi imefanyika. Kaza bolti tena baada ya kilomita mia moja hivi za barabara mbaya, kwa sababu mpira hujikandamiza na kulegea kidogo katika siku za mwanzo.

Matatizo yanayojitokeza na ufumbuzi wake

Mlio wa kukwaruza unapokata kona. Tairi linagusa kizuia tope au kichwa cha bolti. Tafuta sehemu iliyong'arishwa na tairi, kisha sogeza kizuia tope nyuma kwa kuongeza washa, au punguza mpira upande wa ndani. Ikiwa bolti ndiyo inayoguswa, igeuze ili kichwa kiwe upande wa tairi na nati upande wa pili. Usisubiri, kwa kuwa bolti inayogusa ubavu wa tairi inaweza kulikata.

Kizuia tope kinainuka gari likienda kasi. Mpira ni mwembamba, au umeshikwa juu peke yake. Ongeza bolti upande wa ndani chini kidogo, au funga bapa jembamba la chuma kisichoshika kutu kwenye ukingo wa chini, upande wa nyuma, ili kuongeza uzito. Bapa hilo likae upande wa nyuma, kwa sababu likielekea tairi kokoto zitaruka kutoka kwake.

Kokoto bado zinapiga mlango wa nyuma. Rudia uzi. Kama urefu unatosha, tatizo ni upana: ongeza upande wa nje kwa sentimita 2. Kama huwezi kushusha wala kutanua kwa sababu ya njia unazopita, funika eneo hilo kwa filamu na usiendelee kupambana na mpira.

Kimeng'oka wakati wa kurudi nyuma. Tairi la nyuma au la mbele limekikanyaga kwenye ukingo wa barabara au jiwe. Kabla ya kufunga kingine, kagua fenda kama imepinda na tundu kama limepanuka. Kingine kifungwe juu zaidi kwa sentimita 3 hadi 5. Anayeingia mara kwa mara kwenye mawe atumie bolti za plastiki kwenye matundu mawili ya chini, ili zikatike hizo kwanza na bodi ibaki salama.

Tope linajaa kati ya kizuia tope na plastiki ya ndani ya fenda. Nafasi imebanwa juu bila njia ya kutokea. Acha upenyo wa sentimita 1 kwenye pembe ya ndani ya juu, na kila uoshapo gari elekeza maji hapo kutoka juu kwenda chini hadi yatoke safi. Tope lililokaa hapo kwa wiki kadhaa huhifadhi unyevu dhidi ya bati muda wote.

Rangi inafifia kuzunguka ukingo wa kizuia tope. Filamu haikuwekwa, au imejikunja. Fungua kizuia tope, safisha, ng'arisha rangi kama tabaka la juu bado lipo, bandika filamu mpya inayopita ukingo, kisha ufunge upya kwa washa za plastiki. Ikiwa bati limeshaonekana, rudi hatua ya 7 kabla ya kufunga.

Madoa ya kahawia yanachuruzika kutoka kwenye bolti. Bolti si za chuma kisichoshika kutu, au tundu halikupakwa praima. Toa bolti moja na uikague: kama kutu iko kwenye bolti peke yake, badilisha zote, kama iko kwenye tundu, ikwangue hadi bati ling'ae, paka praima na rangi, subiri ikauke, ndipo urudishe bolti mpya yenye grisi kidogo kwenye nyuzi zake.